Kioo Kilipojaa Ukungu

Kuna msemo ambao ukipanda magari ya abiria ya kwetu Tanzania huwezi kuukwepa. Usipoukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kichwa cha dereva, utausikia kwa konda siku mambo yakiharibika. Ajali haina kinga. Nimekua nikiusikia, na kwa miaka mingi niliuamini kwa sababu ulinifaa. Ulinifaa vipi, nitasema. Leo nataka kugombana nao, na silaha yangu ni historia ya kitu kidogo sana: ukungu unaotanda kwenye kioo cha gari.

Najua unacheka. Wenzangu mnaleta hapa mapenzi, siasa, maisha ya geto, mimi naleta kioo. Nivumilie kidogo.

Juni 2009 nilikuwa na miaka kumi, nipo likizo kwa bibi, Njombe. Mjomba wangu alikuwa anaendesha basi dogo la abiria kati ya Njombe na Makambako. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita anajua baridi yake si ya mchezo. Alfajiri watu wanapanda gari wamejifunga mablanketi, na hakuna anayekubali dirisha lifunguliwe hata upenyo wa kidole. Siku ile nilikaa mbele, katikati, pale juu ya injini panapopata joto. Mjomba akanipa tambara na kazi.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu jina hilo tunaitana wote wawili, "kazi yako leo ni kioo. Kikijaa, futa."

Nikafuta. Kioo kikang'aa, barabara ikaonekana, halafu kabla hatujamaliza kona moja utando mweupe ukarudi. Nikafuta tena. Ukarudi. Nadhani nilifuta mara ishirini. Mkono ukachoka, joto la injini likanipanda miguuni, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni breki. Kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, upande wetu wa barabara. Hakufa, namshukuru Mungu. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anachechemea. Mjomba alipoulizwa na trafiki ilikuwaje akashindwa kumwona mtu mzima na baiskeli yake, alijibu kwamba kioo kilikuwa na ukungu na alikuwa anakifuta mwenyewe. Hakunitaja. Ikaandikwa uzembe. Akalipa faini, akauza kipande cha shamba lake la miti kulipia matibabu ya yule bwana, na hakushika usukani tena. Jioni ile bibi alisema, na majirani wakaitikia: ajali haina kinga. Mimi nikajificha nyuma ya maneno hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Ndivyo ulivyonifaa.

Kilichonitoa mafichoni ni mshikaji wangu mmoja, fundi umeme wa magari hapa Dar. Siku moja nilimkuta amefungua kifuniko cha nyuma ya kioo kile kidogo ambacho dereva anaangalia nyuma, kwenye gari moja la kisasa la mteja. Akanionyesha kidubwasha kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, hakizidi ukucha wa dole gumba.

"Unakijua hiki?"

"Sikijui."

"Hiki kinanusa ukungu kabla haujaja."

"Kabla haujaja?"

"Kabla haujaja, mwanangu. Dereva hajui chochote. Gari lenyewe linafungua hewa, linawasha kiyoyozi, kioo hakiingii ukungu hata kidogo."

Yeye aliendelea na bisibisi yake. Mimi nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Kama kuna kitu kinachojua kabla, basi kumbe kulikuwa na kitu cha kujua. Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma, na nilichokipata ndicho ninachokuletea.

Tuanze na ukungu wenyewe. Chukua chupa ya soda baridi, iweke mezani mchana wa Dar. Baada ya dakika chache inatokwa jasho. Maji yale hayatoki ndani ya chupa, yanatoka hewani. Hewa daima ina mvuke wa maji usioonekana, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Hewa yenye nyuzi joto 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ipoze mpaka nyuzi 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 9 na kidogo. Gramu 14 zinazobaki zitaenda wapi? Zinageuka maji, na zinakaa juu ya kitu cha baridi kilicho karibu. Hapo nje ni chupa ya soda. Ndani ya gari ni kioo.

Mtu aliyeliweka jambo hili wazi ni daktari Mfaransa, Charles Le Roy, wa mji wa Montpellier. Mwaka 1751 alifanya kitu ambacho mtoto yeyote anaweza kukifanya: alikuwa anapoza maji kwenye glasi kwa barafu kidogo kidogo, akiangalia ni kwenye joto gani hasa glasi inaanza kutoa jasho kwa nje. Akagundua kwamba kila hewa ina kiwango chake. Hewa ya leo itaanza kuachia maji ikifika nyuzi 18, ya kesho labda nyuzi 12, kutegemea imebeba mvuke kiasi gani. Leo wataalamu wanakiita kiwango cha umande. Ukikijua kiwango hicho na ukalijua joto la kioo, unajua kitakachotokea kabla hakijatokea. Kioo kikiwa na joto zaidi ya kiwango cha umande, kitabaki kikavu. Kikishuka chini yake, utaanza kutafuta tambara.

Sasa rudi nami kwenye lile basi dogo. Ndani kuna watu ishirini na kitu wanapumua. Pumzi inayotoka kwenye mapafu ya mtu imeshiba mvuke, ina zaidi ya gramu 30 katika kila mita ya ujazo. Madirisha yote yamefungwa. Kioo cha mbele kinapigwa na upepo wa Njombe. Mimi natoa maji kwenye kioo kwa tambara, na nyuma yangu abiria wote wanayarudisha kwa pumzi. Hata ningekuwa na mikono minne nisingeshinda. Nilipoielewa hesabu hiyo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kutembea.

Lakini msomaji mwenye akili ataniuliza: kumbe hata wewe unajitetea tu? Subiri. Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo hiyo, na halinitetei hata kidogo. Hewa ya nje ya Njombe asubuhi ile, hata ikiwa na ukungu wake wote, ilikuwa hewa ya baridi, na hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi. Kwenye nyuzi 5 ni gramu 7 hivi tu. Hewa hiyo ikiingia ndani na kupashwa joto inakuwa kavu, na hewa kavu inakunywa maji kwenye kioo. Upenyo wa vidole viwili dirishani, ukichanganya na joto la hita, ungetusaidia kuliko tambara langu. Dawa ilikuwa nje ya gari, bure, na sisi tumeifungia dirisha.

Ujuzi huo ulikuwa na umri gani mwaka 2009? Kuanzia 1751 ni miaka 258. Sasa ilikuwaje ukachelewa hivyo kufika kwenye gari?

Kwanza, watu walitaka kupima. Mwaka 1783, Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitangaza kipimo chake cha unyevu kilichotengenezwa kwa unywele wa binadamu. Ndiyo, unywele. Hewa ikiwa na unyevu unywele unarefuka kidogo, ikikauka unajivuta, na mshale mdogo uliofungwa pale unaonyesha. Dada zetu wanaotoka saluni na nywele zimenyooka, wakakutana na unyevu wa pwani mpaka nywele zikasimama, wanaijua sayansi hii bila kumsoma Saussure. Mwaka 1820, Mwingereza John Frederic Daniell akatengeneza chombo cha vioo kinachojipoza chenyewe kwa etha, ili mtu asome kiwango cha umande moja kwa moja pale umande unapotokea. Lakini vyombo hivi vyote vilihitaji mtu akae navyo, ayakodolee macho, aandike. Havikuwa vya safarini.

Pili, magari yenyewe yalikuwa wazi. Mwaka 1903 mama mmoja wa Alabama, Marekani, Mary Anderson, alipewa hataza ya mkono wa kufutia kioo unaoendeshwa kutoka ndani. Wazo lilimjia New York wakati wa majira ya baridi, alipomwona dereva wa tramu akihangaika na kioo kilichojaa theluji. Waipa ya Anderson haikumtajirisha. Kampuni moja ya Kanada ilimjibu kwamba haioni biashara ndani yake, na mwaka 1920 hataza ikaisha muda bila yeye kupata senti. Lakini angalia vizuri, waipa inafuta nje. Kwa wakati ule ilitosha, maana magari mengi hayakuwa na madirisha ya pembeni wala paa gumu. Upepo uliingia unapotaka na pumzi zikaenda nao. Mwaka 1919 nchini Marekani, gari moja tu kati ya kumi hivi ndilo lililokuwa limefungwa pande zote. Haikupita miaka kumi mambo yakageuka, magari mengi mapya yakawa ya kufungwa. Watu wakapata starehe. Hawakuloa tena, hawakula vumbi. Na kwa mara ya kwanza adui akawa ndani, akitoka kwenye vifua vya abiria wenyewe.

Ndipo zikaanza hita za kupuliza kioo. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa gari lenye mfumo uliokuja kuitwa Weather Eye, ambao ulikuwa unavuta hewa safi ya nje, unaichuja, unaipasha joto, kisha unaisukuma ndani. Hiyo ndiyo ile siri ya dirisha la Njombe, iliyowekwa kwenye chuma. Baadaye viyoyozi vikaingia kwenye magari, na kiyoyozi kina faida ambayo wengi hatuijui: hakipozi tu, kinakausha. Hewa ikipita kwenye bomba zake za baridi inaacha maji pale, ndiyo maana gari lenye kiyoyozi likisimama linachuruzika maji chini, na mtu asiyejua anadhani rejeta imetoboka.

Sawa, dawa ikawepo. Lakini ilikuwa ya kuwasha kwa mkono. Dereva lazima aone ukungu kwanza, ndipo atafute kitufe. Na anayeona ukungu ameshakosa kuona barabara. Kati ya ukungu na kitufe kuna sekunde kadhaa, na gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Mtu wa baiskeli anatosha kabisa kwenye mita 17.

Kilichokosekana ni kitu cha kunusa. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1938, hapo hapo Marekani, Francis Dunmore wa ofisi ya serikali ya vipimo alitoa kipimo cha unyevu kinachofanya kazi kwa umeme, akitumia chumvi ya lithi, ambayo ikinyonya mvuke inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Hakuna tena unywele wala mtu wa kukodoa macho. Kiliwekwa kwenye maputo ya watabiri wa hali ya hewa yaliyokuwa yanapanda angani yakirudisha habari kwa redio. Mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Finland ikatoa kipimo kidogo zaidi, utando mwembamba wa plastiki unaonyonya na kuachia mvuke na kubadilisha uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Hicho nacho kilizaliwa kwa ajili ya maputo. Yaani binadamu alijua unyevu wa mawingu kabla hajajua unyevu wa kioo kilicho mbele ya pua yake.

Sasa hapa historia inapiga kona ambayo sikuitegemea. Shika kiti.

Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya urafiki: nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwenye mti, nzuri kweli. Ikatundikwa kwenye makazi ya balozi. Ikakaa miaka saba, mabalozi wakija na kuondoka. Mwaka 1952 ikagunduliwa kwamba ndani ya mti kulikuwa na kopo dogo la chuma lenye utando mwembamba na antena. Halikuwa na betri wala waya, na ndiyo sababu wakaguzi hawakulipata. Wasovieti walikuwa wanalimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Balozi akizungumza, sauti inautikisa utando, utando unabadilisha jinsi kopo linavyorudisha yale mawimbi, na huko nje mtu anasikiliza. Mawimbi yakizimwa, kopo ni chuma tu. Mwaka 1960 Wamarekani waliionyesha nembo hiyo kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, dunia ikashangaa.

Aliyekibuni ni Lev Theremin, yule aliyekuwa maarufu miaka ya 1920 kwa chombo cha muziki kinachopigwa bila kuguswa. Wakati anabuni kopo hilo alikuwa mfungwa, akifanya kazi kwenye maabara ya wafungwa wataalamu ya Stalin. Nafikiri sana juu ya mtu huyo. Hana uhuru wa kutoka nje, na anatengeneza kitu ambacho nacho kimekaa ukutani, hakina nguvu yake chenyewe, kinajibu tu kikiulizwa.

Wazo lenyewe halikubaki kwa majasusi. Mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman aliandika makala ya kueleza namna ya kuwasiliana kwa nguvu inayorudishwa, yaani mmoja anatuma mawimbi na mwenzake, asiye na nguvu yoyote, anajibu kwa kuyarudisha yakiwa yamebadilika. Mwaka 1975 watafiti wa Los Alamos, maabara ile ile iliyounda bomu la atomiki, walieleza vitambulisho vidogo vya redio vya namna hiyo, na moja ya kazi walizofikiriwa ilikuwa kutambulisha ng'ombe. Kadi unayoigusisha mlangoni ofisini ni ya ukoo huo huo. Ndani yake hakuna betri. Mlango unaipigia kelele za redio, kadi inachota nguvu kidogo kwenye kelele hizo, inajitambulisha, inalala tena.

Basi unganisha kamba mbili hizi. Upande mmoja kuna utando unaonyonya mvuke. Upande wa pili kuna kijikopo kinachojibu bila betri. Ukivifunga pamoja unapata kihisi chembamba kama stika, unakibandika kwenye kioo, hakitaki waya wala betri. Kifaa kilichofichwa kwenye dashibodi au kwenye dari kinakiuliza kila mara: hapo ulipo pana unyevu gani? Kioo kina joto gani? Unyevu ukiongezeka, antena ya kihisi inabadilika kidogo kama utando wa Theremin ulivyobadilika kwa sauti, na jibu linarudi limebeba habari hiyo. Kompyuta ya gari inapiga hesabu ya Le Roy: kiwango cha umande ni hiki, kioo kiko hapa, vimekaribiana. Inafungua hewa ya nje, inawasha kiyoyozi kikaushe na hita ipashe. Dereva anaendelea kuimba na redio yake.

Kidubwasha alichonionyesha mshikaji wangu fundi kilikuwa bado na waya wake, na magari mengi yenye akili hiyo ndivyo yalivyo: kihisi kimoja nyuma ya kioo kidogo, waya umefichwa kwenye dari. Katika miaka ya 2010 ndipo vihisi vya unyevu na joto visivyo na waya wala betri vilipoanza kuuzwa. Faida yake ni rahisi kuielewa. Waya ni uzito, ni fedha, na ndio unaoharibika kwanza, muulize fundi yeyote. Tena kioo ni kikubwa na hakipoi sawa kila mahali, kona ya chini inaweza kujaa wakati katikati ni pakavu. Stika tatu au nne zinajua zaidi ya kidubwasha kimoja.

Na kuna sababu mpya. Magari ya umeme hayana injini ya kutoa joto la bure. Kila dakika ya hita na kiyoyozi inakula betri ile ile inayozungusha matairi. Wahandisi wangependa hewa izunguke ndani kwa ndani ili joto lisipotee, lakini hewa ikizunguka ndani, pumzi zinajaa, na unajua kinachofuata. Kwa hiyo wanataka kujua kwa uhakika ni lini hasa pa kufungua, wala si mapema mno wala kuchelewa.

Sasa tushuke duniani. Mimi na wewe magari hayo tutayaona kwa mbali, au yatatufikia yakiwa yametumika miaka kumi Japani, na kitabu cha maelezo kwa Kijapani. Lakini kwenye dashibodi za magari mengi tuliyonayo tayari kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake. Maana yake ni hewa izunguke ndani kwa ndani. Madereva wengi wanakiacha kimewashwa kuanzia Januari hadi Desemba, kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori, halafu mvua ikinyesha wanafuta kioo kwa kiganja na kulaani. Kizime hicho. Washa kiyoyozi pamoja na joto, elekeza hewa kwenye kioo. Kama gari halina kiyoyozi, fungua dirisha kidogo. Na ukiwa Dar umejipoza mpaka kioo kimekuwa baridi, ukungu ukitokea, gusa kwanza ujue uko upande gani. Ukiwa nje, tambara ndani halitausaidia kitu, piga waipa na punguza baridi. Wazee wa barabarani walikuwa wanasugua kioo kwa sabuni, nao hawakuwa wajinga: sabuni inayafanya maji yatandaze kama shuka jembamba badala ya kusimama vitone vitone, na ni vile vitone ndivyo vinavyotawanya mwanga na kupofusha. Lakini sabuni inaficha ukungu tu, haiuzuii.

Mwaka jana nilikwenda Njombe. Mjomba sasa analima viazi na parachichi, ndevu zimekuwa nyeupe. Nilimsalimia shikamoo, tukala, na usiku tukiwa kwenye moto nikamwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

"Mjomba, siku ile nilikuwa nimelala."

Akachochea kuni. "Najua. Nilikuona."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka. Nikasema nifike kwenye kona nifute mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Sikufika kwenye kona."

Nikamweleza yote. Daktari wa Montpellier na glasi yake, pumzi za abiria, gramu 30 na gramu 7, balozi na nembo yake. Alicheka sana kwenye nembo. Nilipofika kwenye dirisha hakucheka.

"Kwa hiyo ilikuwa dirisha."

"Ilikuwa dirisha, Mjomba. Vidole viwili."

"Abiria wangenipiga," akasema. Halafu baada ya muda mrefu: "Lakini ningewaambia kwa nini. Kama ningekuwa najua, ningewaambia."

Asubuhi tulikwenda pamoja kumsalimia yule bwana wa baiskeli. Mjomba huenda kila mwezi, sikuwa najua hilo pia. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa na tambara. Aliniangalia, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi. Akamwita mkewe alete chai.

Sikusamehewa kwa sababu ya sayansi, tusidanganyane. Lakini nimeacha kusema ajali haina kinga. Ya kwetu ilikuwa nayo, imeandikwa tangu 1751 kwa Kifaransa, ikapita kwa Kiingereza, ikapanda maputo, ikajificha kwenye nembo ya balozi, na ikafika kwenye kioo cha tajiri kabla haijafika kwenye basi la Njombe kwa maneno ambayo konda angeyaelewa. Wewe uliyeshika kalamu na unatafuta cha kuandika, hiyo ni kazi ipo. Muulize dereva wa kwenu kile kitufe chenye mshale maana yake nini. Kama hajui, usimcheke. Mwambie.